Mikono Piga, Uso Hapana

Swali la kwanza tuliloulizwa asubuhi ile lilitoka kwa mwenye duka la vitambaa, kabla hajamaliza kufungua milango. Alitukuta watu 17 tumejipanga upande wa pili wa barabara, kamera shingoni, simu mikononi, vichwa juu, tunautazama mwaka uliochongwa kwenye kipaji cha nyumba yake. Akauliza, "Mmekuja kuweka X?"

Hakuwa anatania. Miji yetu imetufundisha kwamba mtu anayeitazama nyumba kuukuu kwa muda mrefu ana kopo la rangi nyekundu kwenye gari, la kuichora X ya kubomolewa. Kaka aliyekuwa anatuongoza akavuka barabara, akamwamkia, akamweleza kwamba sisi ni wapenda picha tu, wakazi wa hapahapa Iringa, na kwamba mji unabadilika haraka nasi tumeona tuutazame vizuri ungalipo. Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akausukuma ubao wa mwisho wa mlango, akasema, "Basi msipige sasa. Subirini jua lifike kwenye lile dirisha la juu. Saa moja na robo linawaka lote."

Tukasubiri. Saa moja na robo likawaka lote.

Nimeishi Iringa miaka kumi na moja, nauza dawa Kihesa, na mtaa ule nimeupita mara zisizo na idadi nikiwa ndani ya daladala, macho kwenye simu. Sikuwahi kujua kwamba nyumba ile ina mwaka usoni, seuze kwamba ina dakika zake za kuwaka. Yule mzee alikuwa anazijua kama anavyojua bei ya doti la kitenge. Tangu siku hiyo, nikitaka kujua mwanga wa mahali, huwa namwuliza anayefungua duka pale.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, wakati mijakaranda imemwaga maua na barabara zimegeuka zambarau hadi kwenye mitaro. Matembezi yenyewe hayana ugumu. Mnapanga siku, mnakutana mapema, mnatembea polepole kuliko mtu yeyote mwenye shughuli. Masharti yalikuwa mawili: usimpige mtu picha kabla hujamwamkia, na mwisho wa siku kila mmoja achague picha tano tu za kuwaonyesha wenzake. Tulikuwa na wanafunzi wa chuo, mwalimu wa sekondari, fundi magari, na mama mmoja muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, koti la kazini bado liko kwenye mfuko. Wenye kamera hasa walikuwa sita. Wengine wote tulitumia simu.

Kutembea peke yako na kamera ni jambo moja. Kutembea kundi ni jambo jingine kabisa, na faida yake niliiona pale pale kwenye nyumba ya yule mzee. Sote tulisimama mbele ya ukuta mmoja. Mimi nilipiga dirisha lililowaka. Mwalimu akapiga herufi za jina la familia iliyoijenga, maana alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake mwandiko wa zamani. Fundi magari alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti kwa dakika kumi nzima, na alipotuonyesha simu yake tukaona bawaba ya mlango: chuma kilichofuliwa kwa nyundo, alama za mapigo bado zinaonekana mojamoja, na mafuta ya juzi yaking'aa kwenye kiungo. "Hii haijawahi kubadilishwa," alisema, akaigusa kwa kidole kimoja kama anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Ningeweza kupita pale miaka mingine kumi na moja nisiione.

Mji huu umejengwa kwa tabaka, na ukiutembea kwa miguu tabaka hizo hazikai mbalimbali. Jina lenyewe watu wanalitoa kwenye neno la Kihehe, *lilinga*, yaani ngome. Ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, kilometa chache kutoka hapa, na Wajerumani waliivunja kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwapiga pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wao, Zelewski. Mwaka 1896 ndipo wakaja kujenga kituo chao juu ya mwinuko huu, na mji ukaanza. Baadaye wakaja Wahindi na maduka yao, wakaja Wagiriki na mashamba ya tumbaku, wakaja Waingereza mwaka 1916 vita ikiwa bado inaendelea. Makaburi ya askari wa vita zote mbili za dunia yako palepale mjini, nyasi zimekatwa vizuri, majina yamepangwa kwa mistari. Tulipita kimya. Hakuna aliyepiga picha nyingi.

Penye mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji, vile vya 1905 hadi 1907, tulikwama kidogo, kwa sababu mnara wenyewe uko mbele ya kituo cha polisi. Kila Mtanzania anajua kuelekeza kamera kwenye kituo cha polisi ni kujitafutia maelezo. Kiongozi wetu aliingia ndani kuomba, akatoka na afande mmoja aliyetusikiliza mpaka mwisho, akasema hakuna shida, mpige mkiwa mmetupa mgongo. Kwa hiyo picha zetu zote za mnara ule zina upande mmoja tu, na nyuma yake wanaonekana watu wakielekea sokoni na mizigo. Nazipenda kuliko zile ambazo ningezipiga kwa hiari yangu. Mnara umesimama peke yake kwenye picha nyingi nilizowahi kuziona. Katika zetu, kuna mtoto amebeba tenga la nyanya mbele yake.

Tukaingia sokoni, na hapo ndipo siku yangu ilipogeuka.

Kwenye ukingo wa soko wanakaa wauza vikapu. Mnavijua vikapu vya Iringa, vile vya milulu, ambavyo siku hizi vinauzwa hadi nje ya nchi. Milulu ni majani ya kwenye maeneo ya majimaji: hukatwa, huanikwa juani yakauke, ndipo yasukwe kuanzia kitakoni kwenda juu. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia, anasuka, vikapu sita vilivyokamilika vimemzunguka. Nilichuchumaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

"Kamwene. Habari za toka asubuhi?"

Tukaongea. Bei, mvua zilivyochelewa, rangi ya zambarau aliyoichovya jana usiku. Baada ya muda nikamwomba kumpiga picha. Mikono yake ilisimama. Akaitazama simu yangu, halafu akawatazama wenzangu waliokuwa wametapakaa katikati ya mafungu ya nyanya na viazi.

"Mikono piga," alisema. "Uso hapana."

Sikuuliza sababu, ila aliitoa mwenyewe, huku ameanza tena kusuka. Miaka kadhaa nyuma alikuja mtu, mtu mzuri tu, mwenye adabu, akanunua vikapu viwili, akampiga picha akiwa anacheka. Zikapita siku nyingi. Siku moja mjukuu wake akaja na karatasi ya rangi, kipeperushi, ameiokota mahali kwenye mkutano. Uso wake ulikuwa humo. Chini yake yameandikwa maneno ya kuomba watu wachange fedha kwa ajili ya akina mama wasio na msaada.

"Mimi nimesomesha watoto wanne kwa haya majani," bibi alisema. "Sijawahi kuomba mtu. Watu wa kijijini kwetu wameiona ile karatasi. Mwingine akaniuliza, hivi mwenzetu umefikia huko?"

Alisema yote haya bila kupandisha sauti. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kinabana jani, ukucha wake umeingia zambarau hadi kwenye nyama, na cha kulia kinapitisha jani jingine chini, juu, chini. Hapo ndipo nilipopiga. Mara tatu. Nikamwonyesha. Akasogeza simu mbali na macho, akaitazama, akairudisha bila neno.

Ninajua sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na uso unaomtambulisha mtu ni taarifa yake kama ilivyo namba yake ya simu. Ni vizuri ipo. Lakini bibi yule hakuibiwa kwa sababu sheria ilikosekana. Alikuwa amekubali kupigwa picha. Alichonyang'anywa kilikuwa maana: alicheka kwa sababu ameuza vikapu viwili asubuhi moja, na kicheko kile kikaenda kusemeshwa jambo ambalo yeye hakulisema. Nimelifikiria hili tangu siku ile na bado linanikera. Mtu anaweza kuomba ruhusa kwa heshima zote na bado akaondoka na kitu ambacho hakupewa.

Kutoka sokoni tulikwenda Boma. Jengo lile la kuta nene lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kama hospitali ya wanajeshi wao, baadaye likawa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyofanywa na mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ndani kuna ubaridi mzuri na mwanga unaoingia kwa ubavu, ambao wapiga picha huupenda. Wenzangu walichangamka. Mimi nilikuwa bado niko sokoni.

Na mle ndani, katika habari za Mkwawa, nikawa siwezi kuacha kuunganisha. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kizima, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ikirudishe. Haikurudisha. Ilibidi gavana wa Tanganyika, Twining, aende mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akute mafuvu mengi yamepangwa kabatini, achague moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga, na liko huko hadi leo. Sifananishi kipeperushi na jambo lile. Ila nilisimama pale nikawaza juu ya yale mafuvu mengine yaliyobaki kabatini, kila moja lilikuwa uso wa mtu, na hapakuwa na ndugu wa kupimwa naye.

Nikatoka nje kukaa juani.

Mchana tulimalizia kwenye bustani ya katikati ya mji, chini ya miti, kwa chai ya maziwa na chapati. Bustani ile siku za mwisho wa wiki ni studio isiyo na kuta. Wanakuja wanafunzi waliovaa majoho ya mahafali, maharusi, watoto wa kipaimara, na wapiga picha wa palepale wana vibao vyao vya sampuli vimetundikwa mtini. Mmoja wao ni mzee ambaye ameanza kazi hiyo tangu enzi za filamu. Tulimkaribisha chai, naye akakaa nasi saa nzima, na ninakiri kwamba kwa upande wa ufundi nilijifunza kwake kuliko kwenye video zote nilizowahi kutazama.

Kwanza alitukataza jua. "Ngozi yetu inataka kivuli chenye uwazi," alisema. Alimsimamisha yule muuguzi chini ya mti, si ndani kabisa, bali pembeni ambapo kivuli kinaishia, uso ukielekea kwenye anga. Akatwambia tupige. Kisha akamhamishia mbele ya ukuta mweupe wa jengo la jirani, tukapiga tena. Picha ya pili ilikuwa mbaya sana: ukuta umefanya ujivu, uso umezama gizani, macho hayaonekani. Akaeleza kwamba kamera haijui inatazama nini. Inachukua mwanga wote inaouona, inaufanya uwe wa wastani, na ukuta mweupe ukijaa kwenye picha inadhani mambo yamekuwa meupe mno, kwa hiyo inapunguza. Anayelipia upungufu huo ni mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta. Dawa yake kwenye simu ni ndogo: gusa uso kwenye kioo ili ipime hapo, halafu vuta kile kijua kidogo kwenda juu mpaka uso ufanane na mtu unayemwona kwa macho yako. Ukuta utaungua kidogo. Acha uungue.

Enzi za filamu ya rangi tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kurekebishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley, na mafundi walirekebisha mitambo mpaka ngozi yake itoke vizuri. Ngozi zetu zilitoka zinavyotoka. Mzee hakuwahi kuisikia kadi hiyo, nilimsimulia mimi, akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana," alisema. "Nilikuwa napeleka filamu Dar es Salaam, inarudi kwa basi, nakuta watu wangu wote wamekuwa kama wamepakwa masizi. Nikadhani kosa ni langu." Akajifunza mwenyewe: kivuli chenye uwazi, shuka jeupe likishikwa na mtoto chini ya kidevu ili lirudishe mwanga juu, na mtu asivae shati jeupe. Filamu ina picha 36, na kila moja ina gharama, kwa hiyo alimpanga mtu hadi aridhike ndipo abonyeze mara moja.

Mtu alilipa kianzio, akaandikwa kwenye daftari, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wengine hawakurudi. Walihamishwa kikazi, walikosa kiasi kilichobaki, waliugua, waliachana na yule waliyepiga naye. Mzee ana picha zao hadi leo, kwenye bati la biskuti, zimefungwa mafungumafungu kwa mpira, na nyuma ya kila moja kuna jina na tarehe kwa kalamu ya risasi. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kwa nini hazitupi.

"Nizitupe wapi?" alijibu, na alionekana hakulielewa swali. "Ni za watu."

Jioni wenye nguvu walipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, ambako wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda kukaa na kufikiri. Nasikia machweo yalikuwa mazuri sana na mji wote ulionekana chini. Mimi sikupanda. Nilikwenda Miyomboni kwa fundi anayesafisha picha, nikamkuta anataka kufunga, nikamwomba anitolee picha moja ya saizi ya posti kadi. Moja tu. Akanitoza shilingi elfu moja.

Nilimpelekea bibi Jumatano, siku ninayotoka kazini mapema. Alikuwa amekaa palepale, juu ya gunia lilelile, anamalizia ukingo wa kikapu kikubwa cha mfuniko. Nilimwamkia, nikamkabidhi bahasha. Aliifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuipokea. Akaitoa picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kutazama nyuma kama kuna maandishi. Nyuma hapakuwa na kitu. Akarudi mbele.

"Huu wa kushoto ni mkono wa mama," alisema.

Sikuelewa. Akanionyesha: kidole gumba kilichopinda kuelekea ndani kwenye kiungo cha juu. Mama yake alikuwa nacho hivyohivyo, na ndiye aliyemfundisha kusuka, akiwa amekaa nyuma yake na kumshika mikono kwa mikono. Mama alifariki zamani. Hakuwahi kupigwa picha, hata moja. Bibi alikuwa ameishi na kidole kile maisha yake yote na hakuwahi kukiona kutoka upande ule, upande aliokuwa akiuona mama yake.

Aliitazama muda mrefu. Mteja akaja akauliza bei ya kikapu cha kati, bibi akamjibu bila kuinua macho, mteja akaondoka. Kisha akairudisha picha kwenye bahasha, akaitia chini kabisa ya kikapu anachowekea fedha, juu yake akapanga noti, juu yake kitambaa.

Hakusema lolote kuhusu uso wake, nami sikuuliza.

Nilipokuwa naaga aliniita nirudi. Ana dada yake mdogo Makambako, mtoto wa mwisho wa mama yule, alimwacha angali mchanga na hamkumbuki hata kidogo. Anataka nakala moja ya kumpelekea. Akafunua kitambaa, akahesabu elfu moja, akaninyooshea. Nilitaka kuikataa, nikaukumbuka uso wake alipokuwa anaizungumzia ile karatasi, nikaipokea kwa mikono miwili.

Picha iko tayari. Nampelekea Jumamosi.